Prezida wa Milima Inayohama

Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani, hayo waulizeni watu wa ukoo wake, kama mtampata hata mmoja aliyebaki mjini. Mimi nilimkuta ameshakuwa Prezida na sikuwahi kumwita jina lingine. Mkewe mwenyewe alimwita Prezida. Mama wa kuuza makaa pale kona alimwita Prezida, na mgeni aliyesikia aligeuka haraka kutazama walinzi wako wapi. Walinzi gani? Palikuwa na mzee mrefu aliyevaa tai, viatu vinang'aa katikati ya matope ya Bukavu, anabishana juu ya bei ya kopo moja la makaa.

Alikuwa prezida wa Chama cha Wasomaji wa Maman Mwandishi. Chekeni tu, hata mimi siku ya kwanza nilicheka. Maman Mwandishi hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa mwanamke wa Ulaya, upande wa baridi kali, aliyefariki zamani, na aliandika vitabu vitano vinene juu ya nchi ambayo haipo. Katika nchi hiyo milima huhama. Watu wanalala mlima uko nyuma ya nyumba, wanaamka umeshaondoka na mashamba, na mbuzi, na nyumba za watu. Mwanamke mmoja alitoka asubuhi kuchota maji. Aliporudi, mlima wake ulikuwa umekwenda na nyumba yake, watoto wakiwa ndani. Vitabu vyote vitano ni yeye anatembea, anautafuta. Basi. Na juu ya hadithi hiyo watu wazima kabisa, walimu, manesi, makarani wa ofisi, tulikusanyika kila Jumamosi mchana sebuleni kwake Nyalukemba, mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunasikiliza na kutafuna mandazi ya mkewe. Nilikuwa mdogo kuliko wote, nina mwandiko mzuri, wakanifanya Sekretere.

Vitabu vilikuwa seti moja tu, tuliyopewa na mapadri walipofunga maktaba yao. Kwa hiyo Prezida aliweka sheria, na sheria hiyo ndiyo ilikuwa Chama chenyewe: hakuna kutangulia. Mtu haruhusiwi kusoma mbele peke yake, hata ukurasa mmoja. Tulipoishia Jumamosi hii, hapo ndipo wote tunaanzia Jumamosi ijayo. Kitabu kililala kabatini mwake, naye mwenyewe hakukigusa. Mkewe aliniapia hivyo, na yule mama hakuwa mtu wa kumtetea mumewe bure.

Aliyevunja sheria alikuwa Makamu wake, mwalimu wa hesabu, mtu mnene wa kucheka hovyo. Aliomba kwenda na kitabu nyumbani eti arekebishe jalada lililochomoka. Jumamosi iliyofuata tukawa tunasoma vizuri, mwanamke wa kitabuni anamkamua mbuzi wake aliyesafiri naye miaka yote, kila kitu shwari, mara Makamu akaanza kulia. Prezida akashusha kitabu.

"Makamu, uko nalia juu ya nini?"

"Hapana, Prezida. Ni mafua."

"Mafua gani? Uko nalilia mbuzi. Na mbuzi haijakufa bado!"

Weee! Tulicheka hadi mandazi yakamwagika. Lakini Prezida hakucheka. Alimtoa Makamu nje, naye Makamu akaketi barazani kwa Jumamosi kadhaa, akitusikiliza kupitia dirisha, na mke wa Prezida, Maman Prezida, alikuwa akimpitishia chai kwa siri. Mbuzi alipokufa, kurasa chache mbele, sote tulilia, na Prezida alilia kuliko sote. Nikamwona anainuka, anafungua mlango, anamwambia Makamu, "Ingia. Hii siyo ya kulia peke yako."

Sasa mjue kazi yake, ndipo mtaona alivyokuwa kichekesho. Alikuwa mpimaji wa viwanja wa serikali. Maisha yake yote alivuta kamba ya chuma kwenye miteremko ya mji huu, akiwaambia watu mpaka wako ni hapa, wa jirani ni pale, msiuane. Mtu wa mipaka, na akapenda kitabu cha milima isiyokaa mahali! Nilipomchokoza juu ya hilo alinipeleka mtaa wa Kadutu siku moja baada ya mvua, kwa miguu, maana hakupanda pikipiki hata umlipie. Tukasimama juu ya njia moja ya kuteremka. Chini yetu ukuta wa mtu ulikuwa umehamia kwenye uwanja wa jirani yake, na choo cha jirani kilikuwa kimekwenda kwa jirani mwingine. Wenyewe walikuwa wanatukanana kwa Kishi, lugha ya wenyeji. Prezida akatazama muda mrefu, mikono nyuma.

"Unaona? Ule mama wa baridi, nani alimwambia mambo ya Kadutu?"

Hata hivyo hakumwachia mwandishi kila kitu. Katika kitabu cha tatu kuna mto ambao, ukifuata maneno vizuri, unatoka bondeni unapanda juu. Jambo hilo lilimnyima raha. Akachora ramani nzima ya nchi ile, karatasi kubwa ya ofisini, kwa wino wa aina mbili: milima mahali ilipokuwa, milima mahali ilipohamia, mishale katikati. Mto ule akaunyoosha kwa mkono wake. "Anajua batu," alisema, "lakini maji hapana." Ramani ikatundikwa sebuleni juu ya picha ya harusi, na hapo ndipo Maman Prezida alipoanza kumchukia mwandishi waziwazi.

Alikuwa na ubahili wa sukari usioelezeka. Alituhubiria juu ya kufika kwa saa, naye akafika wa mwisho kwenye mkutano uliofanyika ndani ya nyumba yake. Alichukia uongo kiasi cha kurudi sokoni kusahihisha bei aliyoitaja vibaya, kisha alikaa mchana mzima akisikiliza habari za milima inayotembea. Nilimuuliza, Prezida, na huu si uongo? Akasema uongo ni ule ambao mtu anautumia kukutoa kwenye kiwanja chako. Huu hautoi mtu kwake. Akaongeza sukari kidogo kwenye kikombe changu, jambo ambalo halikuwa dogo.

Na ule ukurasa wa nyuma wa kitabu! Yote tuliyoyajua juu ya maisha ya mwandishi yalikuwa mistari michache pale nyuma: alizaliwa karibu na bahari ya barafu, alikuwa mwalimu, hakuolewa, alimpoteza kaka yake, alifuga bata. Kutoka hapo Prezida alitoa hotuba kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa mwandishi, ndefu hadi watoto wakalala sakafuni. Bata peke yao walichukua nusu. "Mutu wa kuchunga bata," alisema, "anajua kungoja. Bata haifuate sauti ya haraka." Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameomba misa kwa ajili ya roho yake. Padri akamuuliza kama marehemu alikuwa Mkatoliki. Prezida akamjibu, "Padri, alikuwa peke yake." Misa ikasomwa.

Nimesema aliogopa? Sijasema. Aliogopa mbwa. Mbwa mdogo wa watu wa mission, wa kubebwa mkononi, alimfanya abadilishe njia. Lakini askari hakuwaogopa, na laiti angewaogopa kidogo.

Vita ya kwanza ilitukuta katikati ya kitabu cha tano, cha mwisho. Mwanamke amefika juu ya kilima, na ng'ambo ya bonde ameona moshi unapanda kutoka jiko lake mwenyewe. Hapo tuliishia. Tuliweka kitambaa ndani ya kurasa, tukaagana mpaka Jumamosi, na Jumamosi hiyo haikuja. Risasi zilianza katikati ya juma. Mji ukakimbia, wengi kwa njia ya Kavumu kuelekea msituni. Makamu alikuwa na mke mwenye mimba na godoro moja. Prezida, mtu ambaye hakubeba hata mfuko wa makaa, alilibeba godoro lile kichwani, na tai yake shingoni, hadi mahali paitwapo Miti. Pale akamkabidhi Makamu godoro lake. Makamu akamsihi waendelee wote. Akakataa. "Batu bakirudi, nani atabafungulia mulango?" Akarudi mjini peke yake dhidi ya watu wote waliokuwa wanakwenda. Makamu hatukumwona tena. Tulisikia baadaye kwamba alizikwa njiani, mbali sana upande wa Kisangani, na mahali hakuna anayepajua.

Kitabu kilikuwa salama kabatini. Mkewe, aliyekuwa amebaki nyumbani na watoto, akafikiri amepata dawa ya kumtoa mjini. Nilikuwapo, nilikuwa namsaidia kuchambua sombe, majani ya muhogo. Akamwambia, "Prezida, soma. Funga mulango, soma, maliza, ujue kama ule mwanamuke alifika kwake. Kisha tuende kwa dada yangu Bujumbura."

"Batu bako wapi wa kusomea nao?"

"Batu bamekwenda! Bamoja bamekufa! Unangoja nini?"

Alinyamaza. Aliweza kunyamaza hadi ukajiona wewe ndiye uliyekosea. Maman Prezida akaondoka na watoto, kwanza Bujumbura, kisha nchi za mbali zenye theluji. Alituma ujumbe mara nyingi kupitia watu: njoo, kuna chumba chako. Mimi nilimlaumu Prezida, sifichi. Nilimwambia anamwacha mke hai kwa ajili ya mwanamke wa karatasi. Akanitazama kwa upole, akaniuliza kama Jumamosi nitakuja.

Nilikuja. Tulikuwa tumebaki watu wa kukaa kwenye kochi moja, na vita ya pili ilipoingia tukapungua hata hapo. Hatukukigusa cha tano. Tulirudia vile vinne tangu mwanzo, tukingoja wenzetu. Jumamosi moja askari wakaingia. Jirani alikuwa amewaambia kwamba kuna mkutano, una prezida na sekretere, na watu wanafunga dirisha. Kosa letu ni hilo: hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mambo hayo, wakati wa vita, yana harufu. Kamanda wao akasimama mbele ya ramani.

"Prezida ni nani hapa?"

"Mi hapa," akajibu, kwa fahari, Mungu wangu, kwa fahari!

"Hii mulima iko wapi?"

"Haiko, Afande."

"Na hii mishale? Ni batu benu bako naenda wapi?"

"Siyo batu. Ni mulima. Inahamaka."

Wakamchukua, yeye na ramani, na kitabu cha tano ambacho kamanda alikiona kabatini kina kitambaa ndani akasema ni cha siri. Sisi wengine walitusukuma tukatawanyika. Nilizunguka ofisi zote kumtafuta, nililia mbele ya watu ambao sitapenda kulia mbele yao tena. Alipotoka alikuwa na jino pungufu na mbavu zinamuuma, naye alinisimulia akicheka. Walimtaka aeleze kitabu. Akaeleza. Akaanza kitabu cha kwanza, na walinzi wakaketi. Siku baada ya siku wakawa wanamletea chai aendelee. Hadi akafika pale kwenye moshi ng'ambo ya bonde, akanyamaza.

"Kisha?" mlinzi mkubwa akauliza.

"Kisha sijue. Hatujafika."

"Kitabu ni yako, na haujue mwisho?"

"Sheria inakataza kutangulia."

Wakampiga. Hapo ndipo jino lilipokwenda. Walidhani mwisho ndiyo siri yenyewe. "Sekretere," aliniambia, ameshika mbavu, "mi njo mutu wa kwanza wa kupigwa juu ya kutosoma." Nilicheka naye, kisha nikaingia jikoni nikalia. Kitabu hakikurudi. Ofisi moja ilisema kimechomwa, nyingine ikasema hakikuwahi kuwapo.

Baada ya hapo wengine waliogopa, na siwalaumu. Tukabaki yeye na mimi. Sijui kama mnajua sebule iliyokuwa inajaa watu inavyokuwa ikibaki na wawili. Viti aliviacha vilevile kwa duara. Alisoma akigeuka kila upande, kama zamani, macho yanapita kwenye viti vitupu hadi yananifikia mimi. Juma zima hakusema na mtu. Ofisi yao ilikuwa imefungwa, viwanja vinagawanywa na wenye bunduki, kamba ya chuma haina kazi. Jumamosi nililijua hilo kwa sauti yake: maneno ya kwanza yalitoka na kutu. Nikifika alikuwa ameshafungua mlango.

Halafu mimi nami nikapata kazi Kinshasa, kazi ya kweli, na mama yangu na wadogo zangu walikuwa wananitegemea. Nilipomwambia alisema, "Vizuri. Vizuri sana," akanipa mkono kama mtu wa ofisi. Nchi ilikuwa imekatwa vipande. Mtu wa upande huu akienda upande ule ni kama amekwenda mwezini. Miaka ikapita. Salamu zangu zilimfikia au hazikumfikia, sikujua.

Nilirudi vita vilipotulia na ndege zikaanza tena, kwa kazi ya ofisi ya siku chache. Mzigoni nilikuwa na kitabu cha tano. Nilikikuta Kinshasa kwa wachuuzi wanaotandaza vitabu chini kando ya barabara, jalada limeliwa, kurasa zote zimo. Sikukifungua. Niliapa sitakifungua, na msiniulize jinsi ilivyokuwa kulala nacho chumba kimoja.

Nyumba ya Nyalukemba alikuwa ameipangisha, yeye anakaa chumba cha nyuma. Mke wa mpangaji alinionyesha mlango. "Haonake tena," akaniambia. "Ni sukari ilikula macho. Anakaaka tu." Alikuwa ameketi kitandani, tai shingoni, imefungwa vibaya. Nikamsalimu, Asinge, Prezida. Akageuza uso kuifuata sauti yangu.

"Sekretere. Leo siyo samedi, siyo Jumamosi yetu."

"Siyo samedi, Prezida. Ni mercredi tu, katikati ya juma. Nina ndege kesho. Lakini nimekuleteya kitu."

Nikaweka kitabu mapajani mwake. Akakipapasa, akakinusa, akapima unene wake kwa vidole. Hakuuliza ni kipi. Nikavuta kiti, nikaanza pale pale, kwenye moshi ng'ambo ya bonde.

Nilisoma kuanzia asubuhi. Mke wa mpangaji alileta bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, tukala, nikaendelea. Mwanzoni alikaa wima, anatikisa kichwa, anagombana na mwandishi juu ya upande wa kilima kama zamani, nikaona furaha imemrudi usoni nikafurahi mno. Lakini kadiri kurasa zilizosalia zilivyopungua akawa mtu mwingine. Rudia hapo. Hapo sikusikia. Ngoja ninywe maji. Maji yako mbele yako, Prezida. Ngoja kwanza, uniambie, Kinshasa mvua inanyesha? Na mama yako, magoti yake? Mwanamke wa kitabuni alikuwa ameshavuka bonde, ameshafika kwenye ua wa nyumba yake, anasikia sufuria zinagongana ndani na hajui ni watoto wake au ni watu wengine. Nami roho ilikuwa juu, miaka yote hiyo, nataka kujua!

"Prezida, niache nimalize."

"Ukimaliza," akasema, "utakuja tena kufanya nini?"

Nikaweka kidole kwenye mstari, nisipotee.

"Batu balisema, Prezida anapenda kitabu. Mama ya batoto alisema vile, na wewe ulisema. Kitabu ni kitabu tu. Mi nilipenda mulango igongwe." Akageukia mlangoni. "Nilijua, siku tutamaliza, kila mutu atakunywa chai yake, aseme aksanti, aende. Njo maana niliweka sheria."

Alisema hivyo bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, na kwa kuwa hakuona niliachia machozi yateremke tu. Nikafuta uso, nikasoma aya moja zaidi, hadi chini ya ukurasa, mwanamke ameinua mkono wake mlangoni. Nikageuza karatasi. Nikanyamaza.

"Kisha?" akauliza.

"Kisha hakuna, Prezida. Kurasa bamezichana. Inaishia hapa."

Mkono wake ukaja polepole, ukakipata kitabu magotini mwangu. Kidole chake, kidole cha mtu aliyepima ardhi maisha yake yote, kikashuka kwenye ukingo wa karatasi zilizobaki, kikapita juu yake moja moja, kikarudi juu, kikapita tena. Akauondoa mkono, akaunyoosha ule mkia wa tai yake.

"Bachuuzi ba Kinshasa ni bezi," akasema. "Utatafuta ingine."

"Nitatafuta."

"Ukipata, usitume mutu."

"Nitaileta mwenyewe, Prezida."